Mama Godelive na Robot ya Kwenye Kona

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Godelive Akimana anatimiza miaka kumi na tisa ya utumishi katika Kituo cha Ujirani, Cato Manor, na anastaafu. Kustaafu ni neno lenye heshima zake. Ukilisikia kwa mbali unadhani mtu kaamka asubuhi, kajinyoosha, kasema sasa basi, nimetosheka. Ukisogea karibu, wakati mwingine ni mtu kuambiwa kwa sauti ya upole kwamba kiti chake kimepata mwenyewe.

Anayewaandikia ni Vénérand Nzeyimana, dereva wa kituo, ambaye mmemzoea kwa sauti kuliko kwa kalamu. Shule niliiacha darasa la sita, Buyenzi, pale Bujumbura, lakini Kiswahili cha Buyenzi ni shahada ya peke yake, muulizeni yeyote. Baada ya hapo dunia ndiyo ilinisomesha. Nimeendesha malori hadi Lusaka na Beitbridge, nimelala Maputo, nimezozana na polisi wa mipakani kwa lugha sita na kushinda kwa lugha nne. Ndugu Gaël, mratibu wetu, aliniomba kurasa mbili za programu hii, za kuchangamsha wageni. Nitachangamsha. Ila mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ya kopi ni mimi, na kurasa zimeongezeka kidogo.

Mama Godelive alifika Durban na watoto wawili, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha rangi kule Jacobs. Alikuwa anabandika karatasi kwenye makopo. Kiingereza chake cha mwanzo alikisoma hapo, kwenye makopo, na makopo ya rangi hayana maneno ya mapenzi. Yana hatari, yana sumu, yana usiweke karibu na moto. Mwenyewe husimulia kwamba kwa mwaka mzima Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha kutisha watu tu. Msimamizi akimuuliza habari za asubuhi, jibu lililokuwa karibu na mdomo ni weka mbali na watoto.

Hapa kituoni aliingia kama mfagiaji. Chumba cha kusomea kilikuwa na mtunza vitabu wake, kijana mmoja mwenye vyeti, akapata safari ya Canada, akaenda bila kurudisha hata ufunguo. Mama Godelive akafungua mlango kwa ufunguo wa mfagiaji, akafuta meza, akakaa nyuma yake. Watu wakaja kuulizia vitabu, akawapa. Hakuna aliyemwambia akae, hakuna aliyemwambia ainuke. Barua ya cheo ilikuja miaka mitatu baadaye, na yeye akaisoma, akasahihisha jina lake lililoandikwa vibaya, akairudisha ofisini ikachapwe upya.

Wanaodhani huyu ni mama mpole wa kutikisa kichwa hawajaingia chumba chake na simu. Mlangoni aliweka sufuria kubwa yenye mfuniko, ile ya kupikia maharage ya sherehe, na kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo. Kuna mgeni wa heshima alikuja na hotuba, naye akatumbukiza. Simu yake ikalia sufuriani muda wote wa hotuba, ikilia kwa mwangwi kama kengele ya kanisa lililozama, na Mama Godelive hakuinuka. Akamwambia tu, "Endelea, baba, hiyo iko jikoni."

Watoto waliofanyia kazi za shule kwenye meza ile leo wengine ni manesi, mmoja ni fundi wa lifti, mmoja yuko jela na huwa anamwandikia. Kina mama waliojaziwa maombi ya kazi pale hawahesabiki. Lakini kazi yake kubwa, ile ambayo mtu akilitaja jina lake Cato Manor nzima wanaikumbuka, ilikuwa Jumamosi. Jumamosi mchana Mama Godelive alikuwa anawasomea watu wazima.

Mjue alivyokuwa anasoma. Anashika kitabu cha Kiingereza, anapitisha macho mstari mmoja, anafumba macho, kisha anautoa kwa Kiswahili. Anautoa mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiswahili cha watu wa Congo na sisi wa Burundi, mara ya pili kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya, maana wale wakisikia *iko* kila mahali wanaumwa meno. Kisha anauliza, "Mmesikiaje?" Hakuuliza maana yake ni nini. Aliuliza mmesikiaje. Na watu waliotoka kusukuma mikokoteni, kulinda mageti na kunyoa vichwa barabarani, waliulizwa hivyo mara moja kwa wiki, na nadhani kwa wengi ilikuwa ndiyo mara pekee walipoulizwa.

Mwaka 2023 lilifika sanduku la vitabu kutoka Marekani, zawadi ya mfuko mmoja wa wahisani. Nililibeba mimi kutoka garini, na mgongo wangu una ushahidi. Ndani kulikuwa na vitabu vya kufuga mbwa, vitabu vya kupunguza unene, na kitabu kimoja kinene kama tofali: mashairi yote ya mshairi mmoja wa kike wa huko, bado yuko hai, tangu lile la kwanza alipokuwa msichana hadi la juzi akiwa na mvi. Jina lake sitaliandika, kwa sababu yeye hana kosa lolote katika habari hii.

Mama Godelive alikichagua hicho. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kina nafasi nyeupe nyingi, na macho ya mtu aliyetoka kazini yanahitaji mahali pa kupumzikia.

Nawahakikishia, mimi nimesikia watu wakijadili mpira Lusaka na siasa Lubumbashi, sijasikia majadiliano kama yale. Kulikuwa na shairi la theluji, refu, theluji inaanguka juu ya nyumba na yule mama anahuzunika dirishani. Léonce, kinyozi, ambaye kibanda chake kiko karibu na stendi ya taxi, akasema, "Huyu mama analalamika sana na nyumba yake iko na ghorofa." Kulikuwa na shairi la swala aliyegongwa na gari barabarani, mshairi anasimama, anamtazama machoni, yanabadilika kabisa maisha yake. Kisha Uncle Suleman akauliza, "Sasa nyama walifanya nini?" Kulikuwa na shairi la mume aliyeondoka, na Mama Joséphine, muuza nyanya, akasema mume kama huyo hata yeye angemwandikia, lakini angeandikia polisi.

Walimpenda, msidhani vinginevyo. Walimsema kama mnavyomsema shemeji ambaye lazima aje Krismasi. Léonce alikuwa anauliza habari zake akiingia: "Bibi yetu wa Amerika leo ameamkaje?"

Huyu Uncle Suleman anatoka Chatsworth, ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari, waliozaliwa hapa hapa Durban, bibi za bibi zao ndio waliotoka huko kwetu juu. Kiswahili chake kilikuwa vipande vichache alivyorithi, na alikuwa anapanda taxi mbili, zile basi ndogo za huku, kila Jumamosi kuja kuvitafutia wenzao. Mama Joséphine naye ni wa Uvira. Nyanya zake ziko mezani karibu na lango la kituo, na mnazila nyote.

Basi siku moja, mwezi wa tatu mwaka jana, Mama Godelive akafikia shairi fupi. Mistari kumi hivi. Lilikuwa linahusu robot.

Hapa lazima nisimame kwa faida ya wageni waliotoka mbali. Durban, robot ni taa za barabarani. Ukimwelekeza mtu unamwambia pita robot ya kwanza, kata kushoto robot ya pili. Mtoto wa Cato Manor anajua robot kabla hajajua shangazi yake. Kwa hiyo Mama Godelive alipofika kwenye neno lile hakufumba hata macho. Robot ni robot. Akasoma: robot iko kwenye kona, jicho lake jekundu linawaka, hakuna aliyeiambia kwamba watu wameshaondoka. Inangoja. Inaendelea na kazi yake. Kwa nani? Akarudia kwa Kiswahili cha Tanzania: robot imesimama kwenye kona. *Imesimama.* Kiswahili chetu kinakulazimisha uchague, kitu au mtu, *i* au *a*, huwezi kupita katikati. Yeye akachagua *i*, kama ambavyo kila mtu chumbani angechagua, na mimi mlangoni pia, na shahada yangu ya Buyenzi.

"Mmesikiaje?"

Kisha Mama Joséphine akasema, "Hiyo robot naijua."

Alisema ilikuwa ile ya mjini, pale alipokuwa anauza zamani, kabla ya kuhamia kwetu. Siku zile za fujo, walipokuwa wanawafukuza wageni. Sisi wote tulijua kwamba alihama mjini. Alikuwa anasema biashara ilipungua. Hatukuwa tumesikia zaidi ya hapo, na alikuwa ameishi nasi miaka.

"Nimejificha nyuma ya mlango ya duka na watoto wangu," akasema. "Barabara yote iko tupu. Vioo chini, nyanya zangu chini. Naangalia nje kwa tundu, robot inawaka red, inawaka green. Green ya nani? Gari hakuna, mtu hakuna. Inangoja kidogo, inaweka red, kama iko na watu ya kusimamisha. Nilitaka nitoke niiambie, acha, wee, acha, tumekwisha kwenda."

Léonce akamtazama chini ya kofia yake. "Mama Joséphine, mimi siku hiyo nilivuka na red mara tatu nikikimbia. Wasije wakanitumia faini."

Tulicheka. Mama Joséphine mwenyewe alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia, kisha akacheka tena na machozi yake. Uncle Suleman akangoja amalize, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba walipotolewa Bluff na serikali ya makaburu kupelekwa Chatsworth, yeye mdogo sana, robot haikuwepo, kulikuwa na bomba la maji. "Lorry iko tayari, watu juu. Bibi anashuka. Anakwenda kufunga bomba, sababu inadondoka, tu, tu, tu. Nyumba wanavunja kesho, auntie. Bibi anafunga bomba."

Mama Godelive hakusoma shairi lingine siku ile. Alisema limetosha.

Ndugu Gaël alikuwepo. Alikuja na simu yake, na ndiyo simu pekee niliyowahi kuona ikisamehewa sufuria, kwa sababu alisema wahisani wa Marekani wanataka kusikia wasomaji wanasema nini juu ya kitabu, watatengeneza kijitabu cha maoni. Aliomba ruhusa, akapewa. Wasomaji walifurahi. Léonce alinyoa ndevu siku ya kupigwa picha.

Sasa wageni, chakula chenu kiko njiani, lakini mtavumilia ukurasa huu.

Mwezi wa saba kilifanyika chakula cha mchana cha kuzindua kijitabu, katika ukumbi huu huu. Vitambaa vyeupe, maua, wahisani, watu wa chuo. Mama Joséphine aliwekwa meza ya mbele na kitenge kipya, Mama Godelive pembeni yake. Ndugu Gaël alisimama kwenye kipaza sauti na kijitabu, na alisoma kwa Kiingereza kizuri, hilo siwezi kumnyima, kijana amesoma. Akasema kabla hajaanza atawapa siri. Akasema mashine ya kwenye shairi, kama mnavyojua, ni ile mashine mtu, robot ya kutumikia nyumbani, imesahauliwa kwenye kona ya jiko baada ya familia kuhama, na kile chekundu ni kitaa chake cha umeme. Akasema lakini wasomaji wetu wapendwa, na akatabasamu, wasomaji wetu walidhani ni taa za barabarani.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Hakikuwa kicheko cha ubaya. Naandika hivi kwa haki. Kilikuwa cha watu wema wenye shibe, wa kupendezwa. Kuna mama mmoja alifuta macho kwa kitambaa cha meza. Kisha Ndugu Gaël akasoma maneno ya Mama Joséphine, yote, mlango na watoto na tundu na green ya nani, na kwa kuwa walikuwa wameshaanza kucheka hawakujua pa kuachia. Waliendelea hata mahali pa nyanya chini. Akamaliza kwa kuliita kosa zuri sana. Wakapiga makofi, wakageuka kumtazama Mama Joséphine, wakimpigia yeye.

Kiingereza cha Mama Joséphine kinatosha kuuza nyanya. Basi kilitosha.

Mama Godelive hakujua mapema, na mimi nasema hivyo mbele ya yeyote. Alijulia palepale, kwenye kiti, mbele ya sahani. Aliinuka, akaifunika sahani ya Mama Joséphine kwa sahani yake mwenyewe, akaibeba, akamshika mwenzake mkono, wakapita katikati ya meza. Mlangoni Ndugu Gaël aliwafuata, anauliza kuna tatizo gani, watu wamependa, si wamependa?

"Ulijua tangu mwezi wa tatu," Mama Godelive akamwambia.

"Lakini, Mama, ndiyo uzuri wake. Hawakuelewa, halafu wakaelewa kitu kingine. Wataalamu wanapenda sana hiyo."

"Ungeniambia mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyesoma. Ningekosea mbele yako, nikajirekebisha mbele yao. Sasa umemwacha huyu akosee mbele ya watu wanaokula."

Kisha akaniambia, "Vénérand, leta gari."

Ndani ya gari Mama Joséphine alikaa nyuma na sahani mapajani. Tulipofika barabara kubwa akauliza, "Mama Gode, ni kweli iko mashine?"

"Ni kweli."

"Ya chuma?"

"Ya chuma. Ya kutumikia watu nyumbani."

Tukakaribia kwake. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayejisomea bei, "Basi nimelilia mashine ya watu."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimetoka kwenye mikono ya maaskari kwa maneno. Siku ile nilimfungulia mlango tu, nikageuza gari.

Jumamosi iliyofuata Mama Godelive aliwaambia wasomaji wote, bila kuzunguka. Alisema yeye ndiye aliyesoma vibaya, robot ile ni mashine mtu, na alisoma upya, *amesimama, anangoja, hakuna aliyemwambia*. Léonce akasema, "Eish. Tumepigwa chenga." Uncle Suleman akasema bomba la bibi yake halijabadilika. Waliendelea kuja, wachache wao, na walicheka vichekesho vilevile, lakini kila mmoja akawa anaangalia mlangoni kabla ya kusema jambo. Wakaanza kuuliza kile ambacho hawakuwahi kuuliza: "Hii maana yake kabisa ni nini?" Mama Godelive aliniambia kwamba swali hilo ndilo lililomuumiza kuliko kicheko.

Mama Joséphine hakurudi.

Na hapa ndipo mtamjua mstaafu wenu. Kila siku akitoka kazini alisimama kwenye meza ya nyanya. Hakumwambia rudi. Alinunua nyanya. Wakaongea watoto, magoti, mvua, askari wa jiji. Akipenyeza neno juu ya Jumamosi, Mama Joséphine anapanga nyanya zake upya kuanzia chini. Kesho yake Mama Godelive ananunua tena. Mtu mmoja anayeishi peke yake anahitaji nyanya ngapi? Kwa mwaka na zaidi tulikula nyanya ofisini, kwenye chai, kwenye mkate, nyanya na chumvi saa nne. Annick wa hesabu alipata kiungulia. Mkiulizana ule mchuzi wa kila siku ulikuwa wa nini, ulikuwa huo.

Taarifa ya kituo ya mwaka huo ilisema wasomaji wa Jumamosi wanahitaji kwanza kuimarishwa msingi wa lugha. Ilisema chumba kitafaa zaidi kwa kompyuta. Mwaka huu ikaja barua ya kustaafu, na ratiba ya mwakani haina Jumamosi. Vitabu tayari viko kwenye maboksi, nimevifunga mimi kwa utepe. Kwenye rasimu ya programu ya leo kulikuwa na kipengele cha sita, baada ya keki: Mama Godelive atatusomea shairi la robot, kwa kicheko. Alikwenda ofisini kwa Ndugu Gaël, akarudi, kipengele cha sita kikawa kwaya.

Mimi simchukii Ndugu Gaël. Nilimfundisha kuendesha gari, na anapiga honi kama mimi. Ni mtoto wa wakimbizi kama wangu. Mama yake alifagia ofisi za watu asubuhi na hospitali jioni ili yeye ajue mashine mtu ni nini. Alijua, na alipojua akaenda kuwaambia wale waliokwisha kujua. Hilo tu. Kama yuko meza ya mbele anasoma hapa, namwambia awahi chakula, kuku ni wachache.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho. Walikuja wengi kuliko kawaida, maana watu wetu msibani hawakosi. Viti vikaisha, Léonce akakaa juu ya sufuria ya simu. Mama Godelive alikuwa ameshafungua kitabu, na mlango ukafunguka. Mama Joséphine. Aproni ya kazi, mikono ina udongo wa viazi, meza yake ya nyanya amemwachia mtu. Walimpisha kiti, akakataa kwa mkono.

"Sikai," akasema. "Biashara iko nje. Nisomee hiyo mashine."

"Joséphine," Mama Godelive akasema, "si lazima."

"Nisomee. Vile iko. Usinipunguzie."

Mama Godelive akautafuta ukurasa. Akafumba macho kila mstari kama zamani. Alisoma mara moja tu, kwa *a*, akifungua kila neno kama lilivyoelezwa ukumbini: mashine mtu, jiko, kona ya jiko, kitaa chekundu, familia imehama, hakuna aliyemwambia. Alipomaliza hakuuliza mmesikiaje. Nadhani aliogopa. Miaka kumi na tisa, sijawahi kumwona anaogopa kitu, hata wakaguzi.

Mama Joséphine alikuwa ametazama sakafu. Aliangalia kidogo kile kitabu, unene wake wote, kama anapima kichwa cha kabichi.

"Sawa," akasema. "Iko nzuri. Nimeisikia." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Lakini hii iko kadogo, Mama Gode. Ni ya jikoni. Ile yetu ilikuwa kubwa."

Hakuna aliyecheka. Léonce alianza kuinuka kwenye sufuria, akakaa tena. Uncle Suleman akasema "Yes, auntie," polepole, mara mbili. Mama Joséphine akaagana na chumba chote kwa kichwa, akatoka, na kupitia dirishani tukamsikia anamgombeza yule aliyeachiwa meza kwamba nyanya laini haziwekwi juu.

Ndugu Gaël hakuwepo na simu yake. Ndiyo maana neno hilo nimeliandika mimi, hapa, kwenye programu ya kituo, mahali ambapo wahisani hutupa jicho wakati wa kungoja chai. Ni maoni ya msomaji. Kama kuna anayekusanya, akusanye na hilo.

Wasomaji walimwomba Mama Godelive aendelee kuwasomea nyumbani kwa mtu, popote. Léonce alitoa kibanda chake. Alikataa. Alisema amechoka, na sisi wenye mazoea ya kubishana tulimtazama uso tukaacha. Anahamia kwa binti yake, Chatsworth. Anasema atalala mchana. Anasema hatanunua nyanya mpaka mwakani.

Mama Godelive, kituo kinakushukuru kwa maandishi, na saa ya ukutani utakayopewa leo ina betri tayari, nimeiweka mimi. Sisi tuliokula nyanya zako tunakushukuru kwa namna ambayo haina karatasi. Ulitusomea kama watu wenye masikio. Ukakosea neno moja, ukalibeba hadharani, na wakati wote ulikuwa unajua kosa lenyewe hasa lilikuwa la nani. Nenda ukapumzike, dada yangu. Magoti yakuache, mjukuu akuletee chai ikiwa bado moto, jirani wa Chatsworth asipige muziki Jumapili. Na popote utakapofungua mdomo tena, Mungu akupe watu watakaosikia mpaka mwisho, ndipo wacheke.